Tupeane uzoefu: una kisukari, ngozi inasumbua, kumbe chanzo ni ugonjwa mwingine

Mwanzisha mada
Wadau, mwenye kisukari akilalamikia ngozi huambiwa "shusha sukari". Mara nyingi ni kweli, maana fangasi na majipu hupenda sukari ikiwa juu. Nawatafuta wale ambao chini yake kulikuwa na ugonjwa mwingine.

Naanza. Mgongo uliniwasha usiku kucha, bila kipele, alama za kucha zangu tu. Mafuta ya kila aina nimepaka, na vidonge vya mzio viliniletea usingizi basi. Daktari akaagiza kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), na kipimo cha protini kwenye mkojo. Zilikuwa figo: zimechoka, taka zinabaki kwenye damu, fosfeti (madini ambayo figo huyatoa) imepanda. Sasa nameza dawa ya kuzuia fosfeti pamoja na chakula, na gabapentini kidogo (dawa ya mishipa ya fahamu inayotuliza kuwashwa). Kuwashwa kumepungua, hakujaisha. Msiige dozi ya mtu: gabapentini hutoka mwilini kupitia figo, hivyo hupangwa kulingana na hali ya figo zako.

Sindano Tangu Utotoni
Mimi ni aina ya kwanza. Nilitokwa na mabaka meupe kuzunguka mdomo na vidoleni, ikawa vitiligo. Kinga ya mwili iliyoshambulia kongosho ikageukia na chembe za rangi. Daktari wa ngozi hakuishia hapo, aliuliza tezi ya shingo niliipima lini. Ilikuwa imelegea, yaani inafanya kazi polepole. Kumbe uchovu wangu wote ulitoka huko!

Baba Mapacha
Yangu yalikuja ghafla: vipele vya manjano vyenye duara jekundu, makalioni na viwikoni. Nyumbani wakasema tetekuwanga. Nilipotolewa damu, ilipotulia kwenye chupa juu ikawa nyeupe kama maziwa. Trigliseridi, yaani mafuta kwenye damu! Sukari nayo ilikuwa juu, na hivi viwili huchocheana. Nilionywa kwamba mafuta yakifika kiwango hicho kongosho linaweza kuvimba, kwa hiyo tumbo likiuma vikali hadi mgongoni, ni hospitali saa hiyohiyo. Mafuta yaliposhuka, vipele vikanywea vyenyewe ndani ya wiki kadhaa bila krimu yoyote.

Dada Mkubwa
Shingo na kwapa nyeusi, ngozi nene. Nimesugua wee! Ni usugu wa insulini, yaani mwili hauitikii vizuri homoni hiyo ya kushusha sukari, na kwangu uliandamana na vifuko vingi kwenye ovari, hedhi ikiruka miezi. Kusugua kunachubua tu.

Mgeni
Poleni jamani. Mzee wangu vinyweleo vya muundi vimeisha, ngozi inang'aa, mguu mmoja wa baridi, na akitembea kigimbi (shavu la mguu) kinakaza mpaka asimame. Ni kisukari tu?

Mwanzisha mada
Hiyo inafanana na mishipa ya damu iliyoziba, mkuu. Mpeleke wapime mapigo ya nyayo na presha ya kifundo wailinganishe na ya mkono. Asiukande kwa maji ya moto, anaweza kuungua asihisi. Na kama kuna kidonda au kidole kinabadilika rangi, mpeleke leo.