Kutoka Goma: tupitie Kisoro ama Nyungwe?

Mwana_Kivu: Wapendwa, tuna siku tatu na motoka ndogo, si ya kuvuta pine nne. Tunataka kuona volkano na msitu wa zamani. Musanze–Kisoro–Bwindi (kuingia Uganda), ama Karongi–Nyungwe (ndani ya Rwanda tu)?

Papa Freni: Kwa volkano, Kisoro, hakuna mjadala. Ukivuka Grande Barrière, mpaka wa Goma na Rwanda, kuelekea Musanze, Karisimbi (mita 4,507) iko mkono wa kushoto. Ukipanda Cyanika, mpaka wa Rwanda na Uganda, Muhabura (mita 4,127) nayo hivyohivyo. Pita asubuhi, mawingu hufunga mapema. Uganda wanaendesha kushoto, na saa yao imetangulia yetu kwa saa moja. Kosa halitokei mpakani pale. Linatokea ukitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu, mikono inakurudisha kulia yenyewe.

Ukirudi Kisoro kwa mteremko wa Kanaba, shuka na vitesi (gia) ya pili. Ukikalia freni, mafuta yake yanachemka, mapovu yanaingia kwenye bomba lake, kanyagio linazama na motoka haisimami. Simama pembeni, acha ipoe. Usimwagie maji, diski itapinda.

Karatasi_Kwanza: Karatasi ya CEPGL (jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi), kwa njia hizi, inakufikisha Rwanda tu. Uganda, beba pasipoti. Motoka iwe na karte rozi (kadi ya usajili) na asiransi ya karte jone ya COMESA (bima inayovuka mipaka). Na mifuko ya plastiki muiache nyumbani, Rwanda wanaikamata.

Ntendezi: Papa, msitu umeuruka! Njia za kwenda Rushaga na Nkuringo, kwenye msitu wa Bwindi, ni udongo, mvua ikinyesha motoka ndogo inateleza hadi mtaroni. Nyungwe, lami inapita katikati ya msitu. Shuka Karongi, Nyamasheke, halafu kwenye njiapanda ya Ntendezi kata kushoto. Jaza mafuta kabla ya kuingia. Kwenye ukungu washa taa za chini. Za juu zinakurudishia mwanga machoni. Nyani wakitokea, usisimame kwenye kona: nyuma kuna malori.

Mutoto wa Kadutu: Kahuzi, huku kwetu Kongo, je? Volkano iliyokufa, mita 3,308, imevaa mianzi, na Tshivanga, kituo cha kuingilia hifadhi yake, ni kama kilomita 30 tu toka Bukavu. Ila usalama unabadilika. Bila jibu la hifadhi siku hiyohiyo, usiwashe motoka.

Mwana_Kivu: Tunaondoka mwezi wa nne.

Papa Freni: Mvua hiyo. Basi nimeshindwa, nendeni Nyungwe. Volkano ya Nyiragongo mtaiona mkiwa bado mjini Goma. Kabla ya kutoka, geuzeni usukani hadi mwisho mkague mbavu za pine za mbele. Mawe ya lava ya mitaa yetu yanazichana ubavuni wakati meno bado mazima. Mkiona uzi, badilisheni. Kama pameanza kuvimba, hata Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka, hamfiki.