Hivi tatuu ya mkononi inaharibuje mahesabu ya kampuni? Nimechoka!

Wakuu, leo nimekuja na povu na silipunguzi.

Naomba mwenye elimu hiyo anifafanulie: wino ulio kwenye ngozi ya mkono wangu unaingiaje kwenye vitabu vya hesabu? Unavuja usiku ukabadilisha salio?

Mtu asiyependa tatuu sina neno naye. Hata mimi kuna michoro nikiiona nageuza uso. Wapo watu wamechorwa vitu ambavyo ukutani kwangu nisingeviruhusu. Kinachonikera ni pale mtu anapochukua asichokipenda na kukifanya ushahidi. Hapendi kipini cha puani, basi mwenye kipini ni malaya. Hapendi rasta, basi mwenye rasta anavuta bangi. Hapendi hereni kwa mwanamume, basi... mnajua wanachosema, sikirudii. Hukumu inatoka hujafungua hata mdomo.

Safari hii yamenikuta kwenye usaili wa kazi ya uhasibu. Mtihani wa kuandika nimepita, usaili wa kwanza nimepita. Wa pili nimekaa mbele ya watu watatu, kiyoyozi kibovu, jasho linanitoka, nikakunja mikono ya shati. (Kwa hiyo wale wa "ungevaa mikono mirefu", nilivaa.) Mama wa rasilimali watu akaacha kusoma vyeti vyangu, macho yakatua mkononi. Ni kitawi chenye majani, hakizidi urefu wa kidole. Kuanzia hapo sikuulizwa tena swali hata moja la uhasibu. Nikaulizwa kama nimeolewa. Nikaulizwa kama natumia kilevi. Nikaulizwa wazazi wangu "wanalichukuliaje hilo". Mmoja akaniambia, kwa ule upole wa kumfariji mfiwa, kwamba wateja wao ni "watu wanaojiheshimu".

Sasa sikieni. Huyo mama nyusi zake zimechorwa! Sizungumzii wanja unaopakwa asubuhi na kunawa jioni. Nazungumzia zile za kuchanjwa kwa viwembe vidogo na kuingiziwa rangi ndani ya ngozi. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kistari kimoja kimoja, na kwenye ncha rangi imeshaanza kugeuka kijivu. Mama, hiyo nayo ni tatuu. Ncha kali, rangi, ngozi. Tofauti ni kina na muda wa kufifia. Ila yake usoni ni urembo, yangu mkononi ni uhuni. Nilitamani sana kumuuliza wazazi wake nao wanalichukuliaje.

Ndiyo maana nawaambia ngozi kutobolewa si tatizo lenu. Mtoto wa kike wa miezi michache anatobolewa masikio, analia, hakuna aliyemuuliza, na watu wazima wamemzunguka wanasema kapendeza. Akishakuwa mtu mzima, anajilipia kodi, akaongeza tundu moja kwa juu kwa hiari yake, kikao cha familia kinaitishwa. Kwa hiyo mwili wangu ulikuwa halali kutobolewa nilipokuwa siwezi kusema lolote, ukawa haramu nilipoanza kujiamulia?

Najua wa maandiko wako njiani. Ambaye imani yake inamkataza, asichorwe, namheshimu kabisa. Waislamu wana hadithi zinazokataza waziwazi, siingii humo. Ugomvi wangu ni na wale wa kunitupia Walawi 19:28, ule mstari unaokataza kuchorwa alama mwilini, kila nikikunja shati. Pandeni mstari mmoja tu, 19:27: hapo zinakatazwa kunyolewa pembe za kichwa na kuharibiwa pembe za ndevu. Ndugu yangu unayenihubiria ukiwa ndiyo kwanza umetoka kinyozi, ndevu zimechongwa kona zote, mstari huo uliuruka? Na mkifika Mwanzo 24:47 mtamkuta mtumishi wa Abrahamu anamvika Rebeka pete puani. Hakuna aliyemwita malaya. Alikuwa anaposwa.

Halafu kuna "vijana wa siku hizi mnaiga". Mwaka 1991 ilikutwa maiti kwenye barafu ya milima ya Alps, ya mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, Ötzi wanamwita. Ana alama 61 za tatuu, nyingi zimekaa kiunoni na kwenye viungo vya miguu, ndiyo maana watafiti wengi wanadhani ilikuwa tiba ya maumivu. Na yeye alimuiga nani, msanii gani wa mtandaoni? Mfalme Frederik IX wa Denmark, aliyetawala kuanzia 1947 hadi 1972, alikuwa na tatuu kifuani na mikononi, maana alikulia kwenye jeshi la majini. Nanaia Mahuta mwaka 2020 ameteuliwa waziri wa mambo ya nje wa New Zealand akiwa na moko kauae, ile tatuu ya jadi ya wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, kidevuni, mahali ambapo hakuna shati la kuficha. Ameiwakilisha nchi nzima na uso huo. Mimi nanyimwa kulinganisha stakabadhi.

Na tukizoea huu mtindo wa kusoma tabia ya mtu kwenye ngozi, matokeo yake ni vituko. Mwaka 2013 huko Hokkaido, Japani, mwanamke wa Kimaori aliyekwenda kwenye mkutano wa lugha za wenyeji alikataliwa kuingia bafu la umma kwa sababu ya alama ya usoni. Masharti ya namna hiyo yanalenga yakuza, wahalifu wanaojulikana kwa michoro ya mwili mzima. Akanaswa nani? Mtaalamu wa lugha.

Hoja ya afya hiyo naikubali, tena naitetea. Sindano chafu inaambukiza homa ya ini, B na C, na jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji kuanzia 1961 hadi 1997 kwa kisingizio hicho hicho. Uliza kama sindano ni mpya, kama wino umemiminwa kwenye kikombe cha mtu mmoja, kama fundi kabadilisha glavu. Uliza pia kwa nini tundu la gegedu ya sikio linachukua miezi mingi kupona wakati la ndewe ni wiki chache. Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili. Lakini "mwenye tatuu hatakiwi kutoa damu maisha yake yote" ni uzushi. Huduma ya damu ya Uingereza, kwa mfano, inakutaka usubiri miezi 4, basi.

Na msije mkadhani nataka kila kazi iruhusu kila kitu. Anayesimama kwenye mashine inayozunguka avue hereni ndefu, anayeingia chumba cha upasuaji avue pete. Sababu inaonekana. Sababu ya kitawi changu ni ipi, nani atakatwa kidole?

Waajiri, kama hamtaki tatuu, andikeni kwenye tangazo. Mstari mmoja tu, pale pale mnapoandika uzoefu wa kazi. Mtu asome, aamue, abaki na nauli yake. Siyo mnanipitisha hatua zote, mnaniuliza habari za ndoa, kisha mnanitumia barua pepe kwamba mmempata "mwenye sifa zaidi". Sifa zipi? Mtihani wa kuandika mlinitamkia kwa midomo yenu kwamba nimeongoza.