Namba halisi au changamano: fizikia ya kwanta inahitaji zipi?

mzee_wa_saketi:
Wakuu, heshima zenu. Sisi wa umeme tukipiga hesabu za AC tunatumia j, yaani kipeuo cha pili cha −1; namba zenye j ndani ndizo changamano. Tukimaliza tunachukua sehemu halisi, mita inasoma volti, biashara imekwisha. Kwenye kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama elektroni, nako ni kurahisisha hesabu tu, au bila hiyo namba mambo hayaendi? Kuna jamaa ananikazania kwamba maabara zilishathibitisha haikwepeki.

mwl_advansi:
Hata Schrödinger, mwenye mlinganyo mkuu wa kwanta, ilimkera. Juni 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Lorentz akilalamikia namba changamano, akisema psi (alama ya wimbi linaloeleza hali ya chembe) kimsingi lazima iwe halisi. Mlinganyo wake tunaofundisha leo unaanza na i (ndiyo j yako) vilevile 😀

Ila kuiondoa si kazi. Badala ya i, weka jedwali la namba halisi: mstari wa juu 0 na −1, wa chini 1 na 0. Lizidishe kwa lenyewe utapata −1 kwenye ulalo. Unalipia kwa kuongeza mara mbili vipimo (dimensions) vya nafasi ya hesabu, lakini majibu hayabadiliki. Mwanafizikia Stueckelberg aliichambua kwanta ya namba halisi mwaka 1960.

dada_fotoni:
Mwalimu, hiyo ni kwa mfumo mmoja. Unganisha miwili uone. Hali ya kubiti (mfumo mdogo kabisa wa kwanta, wenye hali mbili za msingi) ya kawaida inaelezwa kwa namba 4. Mbili zinahitaji 16, ambayo ni 4×4, kwa hiyo kila mtu akipima upande wake kisha wakalinganisha matokeo, wanajua kila kitu. Kubiti ya namba halisi inahitaji 3 tu, lakini mbili kwa pamoja zinahitaji 10, na 3×3 ni 9. Kuna moja imejificha. Huipati mpaka uzipime zote mbili kwa mpigo.

Mwaka 2021 Renou na wenzake wakaugeuza mvutano huu kuwa jaribio, kwenye Nature. Watu watatu, vyanzo viwili vinavyojitegemea, wa katikati anapokea chembe kutoka kila chanzo. Matokeo yao yanajumlishwa kuwa alama moja (score): kwanta ya namba halisi haiwezi kuzidi takriban 7.66. Ya changamano inafika 8.49. Mwaka 2022 kundi la China likapima kwa saketi za superkondakta: 8.09. Mjadala umefungwa.

mzee_wa_saketi:
Kumbe jamaa yuko sahihi?

ngalawa_ya_usiku:
Taratibu, mkuu. Kilichoanguka ni namba halisi *pamoja na sharti*: kwamba mifumo iunganishwe kwa kanuni ileile ya tensa tuliyoizoea, yaani kuzidisha nafasi zao za hesabu. Mwaka 2025 Hoffreumon na Woods, na kundi jingine la Ujerumani, walionyesha kwamba ukibadili kanuni hiyo, namba halisi zinatoa matokeo yaleyale ya kwanta ya kawaida, 8.49 ikiwemo. Kwa lugha nyepesi: jedwali la i la chembe hii na la chembe ile yahesabiwe kuwa kitu kimoja.

dada_fotoni:
Si ndiyo i hiyohiyo imepitia mlango wa uani?

ngalawa_ya_usiku:
Ndiyo, na sioni aibu. Alama i unaweza kuifuta. Kazi inayofanya huifuti: lazima kuwe na mzunguko mmoja wa awamu (phase) unaoshirikiwa na chembe zote, hata zilizotoka vyanzo tofauti. Jaribio la 2022 liliwanasa wanaompa kila mmoja mzunguko wake.

mwl_advansi:
Na hata kwa hesabu tupu tofauti ni kubwa. Kubiti 10 kwa changamano: vipimo 1,024. Kwa namba halisi zenye jedwali moja la pamoja: 2,048. Ukimpa kila mmoja jedwali lake: 1,048,576. Mzee wa saketi, ukitaka kuandika programu, chagua mwenyewe.

dada_fotoni:
Nakubali hesabu, ila roho yangu bado haijatulia. Kanuni ya tensa naielewa: vyanzo viwili havijuani, basi unavizidisha. Hiyo mpya inataka vyanzo visivyojuana viwe na jedwali moja. Nani kawapa?