Tela la boti linayumba nikifika 80, na Jumamosi nina safari. Naombeni ushauri

Pezi_Moja
Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama na siku zinakimbia.

Nina boti ya faiba, mita tano na ushee, juu ya tela la ekseli moja. Gari linalovuta lina nguvu za kutosha, hilo tuliache. Shida ni kwamba nikifika 80 tela linaanza kutikisa mkia. Linaanza kidogo, kulia kushoto, halafu linazidi mpaka nyuma ya gari nayo inayumbishwa. Chini ya 70 limetulia kabisa, unaweza kusahau kama unavuta kitu.

Jumamosi nina safari ndefu na kuna watu wananisubiri. Nimeona kifaa cha kuzuia kuyumba kinachofungwa kati ya gari na tela, nimeshakiagiza. Swali langu: kifaa kitatosha au nibadilishe na tairi? Usiku silali wakuu.

Fundi_Grisi
Anza na beringi, mkuu. Matela ya boti yanaharibikia hapo kuliko mahali pengine popote. Unakimbia masaa mawili, habu (vitovu vya magurudumu) zimepata moto, unafika tu unarudisha tela majini. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, inavuta maji kupitia kwenye sili. Ukifungua baadaye unakuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa na beringi zina kutu.

Mimi iliwahi kunikuta. Nimesimama kunyoosha miguu, nikagusa habu ya kushoto, vuguvugu. Ya kulia nilitoa mkono kabla sijajua nimeungua. Tangu siku hiyo kila nikisimama nagusa zote mbili, na nikifika ufukweni nasubiri zipoe ndipo nashusha. Tumia grisi ya majini, ile ya kawaida inaoshwa.

Pezi_Moja
Asante fundi. Beringi nimezifanyia kazi mwezi uliopita, hazina mchezo wala kelele.

Taratibu_Ndio
Vijana mna haraka ya nini? 80 na boti nyuma unakwenda kuzima moto? Limetulia chini ya 70, basi nenda 60 ufike salama. Watu wanataka kifaa cha kila kitu isipokuwa subira.

sita_kwa_sita
Soma ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba ndefu. Ukikuta 1416, maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2016. Tairi za tela la boti haziishi kwa kutembea, zinaishi kwa kukaa juani. Kashata za tairi zote zipo, unajisifu, kumbe ubavuni kuna nyufa. Na upepo usijaze kwa macho. Tairi la tela likiwa na upepo mdogo linapata moto na kupasuka, na hata kuyumba linachangia.

Kamba_Mbili
Minyororo ya usalama umeipishanisha chini ya kichwa cha tela? Watu wengi wanaifunga sambamba. Ikipishana, kichwa kikichomoka kwenye boli, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, kinadakwa juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Hujauliza, najua, ila nimesema.

Omo_na_Tezi
Ndugu mleta uzi, nikuulize moja tu. Hili tela lilikuwa linayumba tangu mwanzo? Kama hapana, kitu gani kimebadilika?

Pezi_Moja
Zamani halikuwa linayumba. Hakuna cha maana kilichobadilika.

Omo_na_Tezi
Na kisicho cha maana?

Pezi_Moja
Mashine ya boti nimeweka mpya. Ya zamani ilikuwa ya kilo 70 na kitu, hii ni 110 na kitu. Lakini tela limeandikwa linabeba mpaka kilo 1,300, na vyote pamoja tulipima vikawa 1,100. Kwa hiyo uzito siyo tatizo, tusipotezeane muda huko.

Omo_na_Tezi
Uzito wote siyo tatizo. Swali ni umekaa wapi. Mashine iko tezini, yaani nyuma ya boti, tenki la mafuta nadhani nalo liko tezini. Lita 100 za petroli ni kama kilo 75. Kichwa cha tela kinakandamiza boli kwa kilo ngapi?

Pezi_Moja
Sijawahi kupima, ila tela langu limebalansi vizuri sana. Nikilichomoa kwenye gari nanyanyua kichwa kwa mkono mmoja, na boti ikiwa juu.

MchunguZi
Hapa ndipo nilipokuwa nasubiri 😂 Boti mita tano, mashine kilo 110, tenki limejaa, jamaa ananyanyua kwa mkono mmoja. Halafu ana safari, ana watu wanamsubiri, silali usiku. Wakuu hii ni chai, tena ya rangi. Huyu ama hana boti, ama ameshaiangusha barabarani na anatafuta maelezo ya kuwapelekea watu wa bima. Weka picha.

sita_kwa_sita
Nami nilishangaa. Tela langu ni dogo kuliko hilo na bila jeki sinyanyui.

Taratibu_Ndio
Siku hizi watu wanatunga hadithi wapate majibu mengi. Aibu.

Pezi_Moja
Mtu nimeomba msaada naitwa muongo. Sina sababu ya kutunga. Boti ninayo, na bima haijahusika popote.

Omo_na_Tezi
MchunguZi, tulia. Hicho unachokiita chai ndicho kitu cha kweli kuliko vyote alivyosema. Angekuwa anatunga angesema kichwa ni kizito. Kichwa chepesi kiasi hicho ndiyo ugonjwa wenyewe.

Wanaovuta hulenga karibu 10% ya uzito wote ikae kwenye boli. Matela ya boti wengine hushuka hadi 5%. Kwa kilo 1,100 huyu anahitaji si chini ya 55, na afadhali ikaribie 110, mradi isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia cha gari lake. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, tela linaanza kuliendesha gari. Mwendo mdogo hulioni, ukikaza mwendo linajitokeza. Ndiyo maana kwake linaanzia 80.

Ila mashine peke yake kuongeza kilo 40 hainitoshi. Pezi, kuna kingine hujasema.

Fundi_Grisi
Sema tu mkuu, hapa hakuna polisi.

Pezi_Moja
Sawa. Nguzo ya winchi, ile inayoshika boti kwa mbele, niliirudisha nyuma. Sentimita 40 hivi. Omo, yaani mbele ya boti, ilikuwa inakaribia sana gari, mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki. Kila nikitaka kutoa kitu lazima nichomoe tela kwanza. Fundi akachomelea upya, kazi safi kabisa, haitingishiki. Na siwezi kuirudisha, nimeshamlipa na mlango sasa unafunguka vizuri.

MchunguZi
Mlango wa nyuma. Boti nzima imesogezwa kwa ajili ya mlango wa nyuma. Naomba radhi, hii hakuna mtu anaweza kuitunga.

Kamba_Mbili
😂😂😂

Omo_na_Tezi
Haya. Umesogeza boti yote nyuma, ukaongeza mashine nzito mwisho kabisa. Na jambo jingine: chungulia chini tezini. Zile mbao zinazobeba boti zimeishia wapi?

Pezi_Moja
Zimeishia kabla ya tezi, kama shubiri mbili. Ni mbaya?

Omo_na_Tezi
Ni mbaya. Mashine inaning'inia mahali ambapo chini hakuna kitu, na kila shimo la barabarani linaukunja mwili wa boti. Faiba ikikaa hivyo muda mrefu inapinda chini, na boti haikimbii tena kama zamani. Refusha mbao zifike mpaka tezini.

Kifaa ulichoagiza kinasaidia tela ambalo limepangwa sawa. Hili kitalificha tu, na utagundua siku unashuka mlima au lori kubwa limekupita.

Pezi_Moja
Nikiweka mifuko miwili ya mchanga omoni je? Kwa Jumamosi tu.

Fundi_Grisi
Usifanye hivyo. Uzito kwenye ncha zote mbili, tela likianza kuyumba linachelewa kutulia. Wewe hamisha ekseli. Ekseli imeshikwa na bolti za U kwenye chesisi, legeza, isukume nyuma, kaza. Boti inabaki ilipo, kichwa kinakuwa kizito. Kabla ya kukaza, pima kutoka kwenye kichwa cha tela mpaka kila ncha ya ekseli. Pande zote mbili zilingane, la sivyo tela litatembea kiupande na kula tairi. Angalia waya za taa na bomba la breki zisivutike. Ukimaliza tembea kidogo, kaza nati tena.

Leo usiku lete mizani ya kupimia watu, weka chini ya kile kigurudumu cha mbele, kichwa kiwe kwenye urefu kinachokaa kikiwa garini, sakafu tambarare.

Taratibu_Ndio
Na likikuyumbia kabla hujalitengeneza, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze moto eti linyooke. Achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe.

Pezi_Moja
Nilikuwa naongeza moto.

Taratibu_Ndio
Nilijua.

Pezi_Moja
Nimepima. Mizani inasoma 31.

Omo_na_Tezi
31 kwa 1,100, haifiki hata 3%. Usitoke na hilo tela.

Pezi_Moja
Nimempigia fundi, kesho asubuhi anakuja na bolti mpya za U. Mbao za tezini nimemwambia pia. Kifaa nimeahirisha, sijakighairi. Ila swali la mwisho: ekseli ikirudi nyuma, mlango wa gari utaendelea kufunguka?

Fundi_Grisi
Utafunguka, mkuu.

MchunguZi
Picha bado nasubiri. Ya mlango.