Mpwa wangu rubani wa jeshi Marekani: kozi hii ya pili inamwongezea miaka?

MjombaChumbageni
Assalam aleikum wanajukwaa. Mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Texas, amevishwa mabawa ya urubani katika Jeshi la Anga la Marekani. Huku Chumbageni tumemsomea dua, mama yetu kalia kwa furaha. Alikubali kutumikia miaka 10. Sasa anapelekwa Altus, Oklahoma, kujifunza C-17, ile ndege kubwa ya mizigo, na kuna karatasi nyingine ya kutia saini yenye miaka yake. Dada yangu halali, anajumlisha tu. Mwenye kujua anisaidie, mimi ndiye niliyeachiwa kuzungumza naye.

FundiPongwe
Shikamoo mjomba. Nilikuwa fundi wa ndege huko kabla ya kurudi nyumbani. Mwambie dada asijumlishe. Ile 10 huanza siku ya kumaliza mafunzo ya urubani, si siku ya kuingia jeshini. Wengi hawalijui hilo. Deni la kozi ya ndege hutembea sambamba na lile la kwanza. Tuseme anadaiwa miaka 3 baada ya Altus: inakwisha ndani ya ile 10, na bado kuna miaka mbele yake. Ugumu unakuja baadaye. Akiwa mwaka wa 9 akapewa kozi ya ndege mpya yenye deni la miaka 3, atakwenda mpaka wa 12. Karatasi za wakati huo ndizo za kuzisoma neno kwa neno. Na kila mara aulize tarehe atakayokuwa huru, si idadi ya miaka.

BintiRaskazone
Na tarehe hiyo aipate kwa maandishi! Mwaka 2023 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliwaambia marubani wake zaidi ya 600 kwamba bado wanadaiwa miaka 3. Walikuwa wameiahidi ili wapangiwe urubani, wakaamini inakwenda pamoja na deni la mafunzo. Jeshi likasema inafuata baada yake. Iliniuma sana kuisoma.

MjombaChumbageni
Mungu awalipe. Nitamwambia leo hii. Mama anauliza, je, arusi akitaka kuifanyia huku?

FundiPongwe
Likizo yao ni siku 30 kwa mwaka, zenye malipo. Aombe mapema tu, na ruhusa ya kusafiri nje ya nchi aishughulikie kabla hamjapanga siku.