Makisio ya mkataba wa uzoaji taka katika mji mdogo: tuyakokotoe kwa msingi gani?

Afisa Mipango:
Wadau, naomba mawazo yenu. Halmashauri yetu ya mji inaandaa makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na uzoaji taka utaendelea kufanywa na mzabuni anayelipwa kutoka mapato ya ndani. Kila mwaka tumekuwa tukichukua kiasi cha mwaka uliopita na kukiongeza kidogo, lakini ikifika robo ya nne kifungu cha bajeti cha kazi hiyo huwa kimekauka, mzabuni anapunguza magari, na taka zinalundikana vizimbani wakati masika yamepamba moto. Ni msingi gani utakaotuwezesha kumaliza mwaka bila deni, na ambao nitaweza kuutetea mbele ya Kamati ya Fedha?

Mhasibu wa Pwani:
Ndugu Afisa Mipango, anza na taka zenyewe, si fedha za mwaka jana. Tuseme mji una wakazi 100,000 na kila mmoja anazalisha nusu kilo kwa siku: hizo ni tani 50, na mkilenga kuzoa nusu yake, mtabeba tani 25 kila siku. Wengi hugawa tani hizo kwa lori la tani 7 na kupata tripu nne, ilhali taka zisizoshindiliwa ni nyepesi, hivyo bodi hujaa likiwa na tani tatu hivi, na tripu zinazohitajika ni nane au tisa. Bajeti iliyojengwa juu ya tripu nne haiwezi kuvuka Desemba.

Mkilipa kwa tani, wakati wa masika mtalipia pia maji yaliyolowesha taka. Mkilipa kwa tripu bila usimamizi, lori litafika dampo likiwa nusu tupu na bado litahesabiwa. Mimi napendelea malipo kwa tripu ya ujazo uliopimwa, kila tripu ikiwa na karatasi iliyosainiwa na mtendaji wa mtaa taka zinakopakiwa na msimamizi wa dampo zinakoshushwa, na saini zote mbili zihakikiwe kabla ya kuandaa hati ya malipo. Posho ya msimamizi huyo, tingatinga la kusawazisha dampo na matengenezo ya barabara ya kuingilia haviko ndani ya mkataba, lakini visipokisiwa vitachotwa kwenye kifungu hicho hicho.

Mzabuni wa zamani:
Niongeze upande wetu. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mkataba ukiwa na kanuni ya kurekebisha bei kwa kufuata tangazo hilo, mzabuni hatahitaji kujilinda kwa kupandisha bei tangu siku ya zabuni, nanyi mtajua akiba ya kutenga. La pili ni ucheleweshaji wa malipo. Halmashauri inayojulikana kulipa baada ya miezi mingi huletewa bei za juu, kwa sababu mzabuni hukopa ili anunue dizeli na kuwalipa vibarua, na riba hiyo huiingiza kwenye bei ya kila tripu.

Diwani:
Nakubaliana na mzabuni, na ndiyo maana mpango wa malipo ya kila mwezi ufuate mapato yanavyoingia. Mji unaotegemea ushuru wa mazao hupata fedha nyingi wakati wa mavuno, kwa hiyo sehemu ya fedha hizo itengwe mapema kwa ajili ya Aprili hadi Juni.

Vilevile, kila mkataba unapokwisha, gharama ya halmashauri kufanya kazi yenyewe iwekwe mezani. Sandy Springs, mji ulioanzishwa mwaka 2005 jirani na Atlanta, Marekani, ulikabidhi karibu huduma zote kwa kampuni, isipokuwa polisi na zimamoto. Mwaka 2019 baraza lake liliamua kuwaajiri moja kwa moja wafanyakazi wa huduma nyingi, baada ya makadirio kuonyesha kuwa mji ungeokoa zaidi ya dola milioni 14 kwa miaka mitano. Huenda hesabu zenu zikaonyesha kuwa mzabuni bado ni nafuu, lakini Kamati ya Fedha ina haki ya kuziona kabla ya kuombwa kupitisha kifungu.