Naomba ushauri: riwaya yangu ya kutisha ya Mombasa 1631, mzuka awe upande wa nani?

MwanaIlala
Wakuu, habari za jioni. Niko Ilala, huu ni mwaka wa pili naandika riwaya ya kutisha, na nimekwama sura ya tatu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1614 Hasan, mfalme wa Mombasa, aligombana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa hukohuko. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno kule India. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo kabisa, naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa na kuitwa Jerónimo. Mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake! Kila nikifika hapo naweka kalamu chini kwanza.

Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa awe mfalme Mkristo chini ya Wareno. Baadaye zikavuja habari kwamba usiku huenda kwenye kaburi la baba yake kumwombea dua ya Kiislamu. Agosti 1631 akaingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akatangaza kurudi kwenye Uislamu. Wakristo wengi waliokataa kuslimu waliuawa, Wareno kwa Waafrika waliobatizwa.

Katika riwaya yangu, anayemwita kule kaburini ni baba yake asiye na kichwa, na ndiye anayemwamuru aue. Marehemu baba yangu alikuwa Muislamu, mama ni Mkatoliki, kwetu Idi na Krismasi zote zilipikiwa pilau. Nimewasomea nyumbani. Baba mdogo kasema nimemgeuza mzee wa Kiislamu kuwa shetani. Mama alisikiliza hadi kwenye mauaji, akainuka akaenda kulala bila neno. Nimeumia sana, maana hawa ndio ninaowaandikia.

Je, nimfute huyu mzuka? Au nimwache asiwe na dini?

Mkwezi_wa_Mbezi
Mkuu, buni mji wako na dini zako, yaishe. Msomaji wa hadithi za kutisha anataka kuogopa, hataki kesi.

BintiPugu
Simuungi mkono mkuu hapo juu. Ukibuni mji, kile kichwa kinakuwa cha kubuni pia, na uchungu wote umepotea.

Mimi nimekulia Pugu. Kwetu misheni ya Wabenediktini Wajerumani ilivamiwa tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri. Wamisionari wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Ukikisimulia kuanzia siku ile kinakuwa kisa cha Waislamu na Wakristo. Anza 1888, kampuni ya Wajerumani inapochukua forodha na mamlaka ya pwani, utakuta watu wana hasira kabla ya padri yeyote kuguswa. Fanya hivyohivyo na Mombasa. Msomaji aone kwanza ugomvi wa Hasan na kapteni wa Kireno wa enzi zake, aone nani alikuwa anamnyang'anya nani, ndipo umpeleke makaburini.

Mzee wa Kisutu
Mwanangu, nimeosha maiti miaka mingi, kwa hiyo nitasema la kwangu tu. Sisi maiti tunamlaza ubavu wa kulia, uso Kibla. Huyo mzee hana uso wa kuelekeza. Hapo ndipo penye kutisha, na wewe umepapita mbio.

Usimpe maneno. Asiamuru kuua. Anatafuta uso wake, basi. Akinyamaza, damu ile inabaki mikononi mwa Yusuf. Na Kurani inasema hakuna kulazimishana katika dini. Yusuf alibatizwa mtoto, hakuna aliyemuuliza anataka nini. Amekua, naye anasimama mbele ya watu anawaambia wachague, dini au roho. Mtu anayemfanyia mwenzake lile alilofanyiwa utotoni, mimi ananitisha kuliko jini lolote.

Mwl_Temeke
Mzee kamaliza la baba mdogo. La mama bado. Dada au kaka, waliouawa kwenye sura yako wana majina? Nina wasiwasi kwamba kapteni anaye, wengine ni "Wakristo" tu. Chukua mwanamke mmoja wa Mombasa aliyebatizwa, muonyeshe akinunua samaki wiki moja kabla, akisalimiana na jirani Muislamu. Mama yako aliona watu wake wanakufa kama kuku.

Jambo jingine: neno letu gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa. Ulimi wetu umebeba kile kisa hadi leo. Litumie, ila usilieleze.

MwanaIlala
Asanteni sana, nimewasoma wote mara mbili. Mkwezi, samahani, mji sibadilishi. Usiku huu nafuta maneno yote ya mzuka, na yule mama wa samaki nampa sura nzima kabla ya Agosti ile. Nikimaliza namsomea mama hiyo kwanza.

Mzee wangu, shikamoo. Nina swali moja. Maiti asiye na kichwa anafungwaje sanda upande wa juu?

Mzee wa Kisutu
Marahaba. Njoo msikitini baada ya alasiri. Hilo siliandiki usiku.